Beringi za Gari la Binti Yake

Fundi alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Kiti kilikuwepo, tena chenye mto, lakini alikipita kana kwamba si chake. Mtu mzima yule, miaka thelathini anafunga injini, alihangaishwa na vipande vya chuma visivyozidi ukubwa wa sikio.

Mezani palikuwa na maboksi mawili ya beringi, zile nusu duara zinazoilaza krenki, mhimili mkuu wa injini, ili izunguke juu ya utando wa oili. Za kushoto zilikuwa ngumu: zinadumu, lakini hazisamehe, chembe ya uchafu ikipita, krenki inakwanguliwa. Za kulia zilikuwa na ngozi laini juu ya chuma imara. Hizo huimeza chembe na kuvumilia krenki ikilemewa, ila huisha mapema.

Kwa injini ya nguvu za farasi mia saba, fundi yeyote angechukua za kulia akaendelea na kazi. Lakini gari lilikuwa la binti yake, na Jumamosi angeshindana nalo. Miaka miwili nyuma, injini aliyoifunga fundi huyu ilikwama katikati ya kona, mteja akatoka na bega lililovunjika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alikuwa anaogopa, basi.

Kwa hiyo alipima. Akaenda mlangoni, akarudi, akapima tena. Kila alipopima, nafasi kati ya krenki na beringi ilizidi kukua, na ikizidi mno, presha ya oili hushuka. Kufika saa saba mchana alikuwa ameshaweka laini, akazitoa, akaweka ngumu, akazitoa nazo.

Binti, aliyekuwa akisafisha gari lake pembeni, alimtazama akifika mlangoni kwa mara ya kumi. "Baba, umeshika nini?"

"Maikromita. Ndiyo kwanza unaiona?"

"Umeishika tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Alifungua kiganja. Chombo hicho cha kupimia unene wa chuma kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Chuma kikipata joto hutanuka, na kipimo husema uongo. Somo hilo fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti, enzi akipanda juu ya kreti ndipo aifikie meza. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Iache mezani kando ya krenki, zilingane joto," binti alisema. "Na wewe kaa."

Alikaa nusu saa nzima, goti likicheza. Kisha binti akapima, akasoma kwa sauti. Nafasi ilikuwa ileile ya kipimo cha kwanza cha asubuhi, sawasawa kabisa.

"Haya. Injini hii ingekuwa ya mgeni, ungemfungia zipi?"

"Laini," alijibu papo hapo.

"Basi nichukulie kama mgeni."

"Wewe si mgeni."

"Ndiyo maana unaharibu kazi."

Fundi alisogea mezani. Alifungua boksi la kulia, akazipanga beringi, akazipaka oili, akailaza krenki na kuanza kukaza nati moja baada ya nyingine kwa spana yenye kipimo. Alipofika ya mwisho akampa binti spana.

"Kaza hii wewe. Mimi nikiikaza nitairudia mpaka Jumamosi."

Binti alikaza taratibu hadi spana ikalia mara moja, ishara kwamba nati imekaza vya kutosha. Fundi akanyoosha mkono, aombe spana ahakikishe kidogo tu. Binti akaificha nyuma ya mgongo.