Bakuli la Pili la Supu ya Mwaka Mpya

Bibi Okbun hanywi supu ya mwaka mpya. Wajukuu humwekea bakuli lake mezani kwa adabu, likapoa na utando ukaganda juu, wakaliondoa bila kuuliza.

Alikuwa na miaka sita mama yake alipomwacha kwenye lango la makao ya watoto mjini Pusan, Korea. Vita vilikuwa vimesimama, ila njaa haikuwa imepata habari. Mama alichuchumaa, akamfunga kamba za koti.

"Ukitimiza miaka minane nakuja kukuchukua. Usitoke hapa, umesikia mwanangu?"

Humo ndani walitawaliwa na kengele na Bi Mkuu. Ukiongea wakati wa kula shayiri, unapiga magoti mikono juu. Ukikojoa kitandani, unasimama langoni asubuhi na ungo kichwani, wapita njia wakucheke. Okbun aliuvaa ungo huo mara nyingi, na kila mara aliomba Mungu mama asitokee siku hiyo, kisha akaomba atokee siku hiyo hiyo.

Kwao mtu haongezi umri siku aliyozaliwa. Wote huongeza mwaka mpya unapoingia, kwa kunywa supu ya vipande vya mkate wa mchele. Okbun akapiga hesabu zake: bakuli moja, miaka saba. Mawili, minane. Sikukuu ilipofika alimaliza lake, kisha akalivuta la Malsuk, rafiki yake aliyelala na homa.

"Hilo langu," Malsuk alisema, sauti haitoki.

"Wewe unaumwa. Utakunywa mwakani."

Malsuk akalia, na kilio kikamleta Bi Mkuu. Okbun hakukana. Alisema amekunywa mawili, sasa ana miaka minane na mama yake yuko njiani. Watoto wakaangua kicheko. Bi Mkuu hakucheka; aliagiza daftari.

"Una miaka mingapi? Sema tena."

"Minane, Bi Mkuu."

Akaiandika. Okbun alipiga magoti mikono juu hadi mabega yakamwaka moto, na moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuipata tena maishani.

Alilichungulia lango siku kumi na mbili. Kilichokuja ni lori. Makao yalikuwa yamefurika, na wote wenye miaka minane na zaidi walikuwa wanahamishiwa Mokpo. Jina lake liliposomwa, aling'ang'ania nguzo ya lango, akaapa kwamba ana saba, alidanganya, mama alimwambia asitoke hapa.

"Juzi minane, leo saba," Bi Mkuu alisema, akimbandua vidole kimoja kimoja. "Panda."

Alirudi akiwa na miaka ishirini. Bi Mkuu alishakufa. Aliyebaki ni mpishi, Mama Yongdong, aliyeitwa kwa mji alikotoka kama wanawake wengi wa kwao. Okbun akamsalimu kwa kuinama, akauliza kama kuna mtu aliwahi kumfuata.

Mpishi alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Alikuja. Mwaka uliofuata, sikukuu yenyewe, na vipande vya mkate wa mchele kwenye kitambaa. Bi Mkuu akamsomea daftari: Okbun, minane mwaka jana, amehamishwa Mokpo. Mama yako akatikisa kichwa. Akasema, 'Huyo si wangu. Akina Okbun ni wengi. Wangu anatimiza minane leo.'"

"Mama Yongdong, wewe ulinyamaza?"

"Nilikuwa jikoni, binti yangu. Niliambiwa mlango ukishafungwa. Nikatoka mbio, nikamwona kwa mbali, nikamwita hakusikia; mpita njia akaniambia ameulizia njia ya makao mengine."

Okbun alimwomba amwonyeshe upande aliokwenda. Mpishi akanyoosha mkono kuelekea kituo cha treni za kwenda Seoul. Mokpo ni upande mwingine kabisa.