Vitendawili vya Jumatano

Katika shule yetu, nje kidogo ya Msambweni, kengele ya somo la kompyuta ikilia wavulana walikuwa washavikalia viti vyote. Wasichana walisimama nyuma yao, wakichungulia skrini juu ya mabega ya wenzao. Nilipomuuliza mmoja kwa nini hakai, alinijibu kwa adabu, "Sisi twatazama tu, mwalimu. Yatosha."

Mimi haikunitosha. Nilimwomba mwalimu mkuu kila Jumatano jioni chumba kile kiwe cha wasichana peke yao, niwafundishe kuandika programu. Alikubali, ingawa alinionya kwamba watachoka upesi. Jumatano ya kwanza walikuja wachache, na baadhi yao, nadhani, walifuata upepo wa feni.

Kati yao alikuwamo msichana wa kidato cha pili, mrefu na mkimya, mwenyeji wa Kinango. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ina moto. Siku moja alisahau kufunga alama za usemi, skrini ikajaa maandishi mekundu. Akarudi nyuma na kiti chake.

"Mwalimu, imenikasirikia."

"Haijui kukasirika, mwanangu. Haijakuelewa tu. Iambie tena."

Akaiambia tena, ikaelewa. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumwita.

Nilipowataka watunge programu zao wenyewe, yeye alichagua vitendawili, kwa kuwa kwao watu hawakuondoka kwenye sinia kabla ya kutegana. Kompyuta iliandika "Kitendawili!" nawe ukajibu "tega". Ukikosea, ilidai mji, na haikukufumbulia mpaka uipe. Mwanzoni ilimkataa kila aliyeandika Tega kwa herufi kubwa. Wenzake walimcheka mpaka akacheka mwenyewe, kisha akakaa kuitafutia dawa.

Siku ya wazazi baba yake alikuja. Ni mfanyabiashara wa mifugo, na fimbo yake ya mnadani alikuwa nayo kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Sikujia ugomvi. Masomo siyakatai. Lakini nimeambiwa jioni mwawaweka wasichana kwenye kompyuta, wazungumze na watu wasiowajua. Wangu naomba umtoe."

Binti yake alikuwa kando, akitazama viatu vyake. Nilitamani kujitetea, lakini nilimwona mzazi mwenye hofu, wala si mzazi mbaya.

"Baba, kabla hujamtoa, njoo kwanza uone anazungumza na nani."

Chumbani alikataa kiti. Binti yake akaiwasha programu. Mzee akainama, akasoma polepole, kisha akageuka.

"Kitendawili? Hapa asema nani?"

"Ni mimi, baba. Nimeiandika mimi."

Akairudia skrini. "Haya. Tega."

Nyumba yangu haina mlango, ikatega kompyuta. "Yai," alisema mzee, binti akaandika, kompyuta ikajibu kuwa ni sahihi. Mzee akavuta kiti, akakaa.

Nyumba yangu ina nguzo moja. "Mwavuli!"

Sivyo, ikaandika kompyuta. Nipe mji.

"Mji sitoi!" Mzee aligonga sakafu kwa fimbo. "Mwavuli una nguzo ngapi?"

"Baba, jibu ni uyoga."

"Uyoga ni jibu, na mwavuli ni jibu. Kwani hayawezi kuwa mawili?"

"Yaweza. Lakini yenyewe haijui ila nililoifundisha."

"Basi ifundishe, nikiona."

Akaifundisha. Alifungua maagizo yake, akatafuta mstari wenye uyoga, akaongeza mwavuli ubavuni mwake. Baba yake alifuata kila herufi, ameegemea mbele. Programu ilipoanza upya akajibu kwa sauti ile ile, binti akaandika, na safari hii ikamkubali. Alicheka kicheko kikubwa hata wazazi wengine wakaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Ruhusa hakuitamka. Wakati wa kuagana alinishika mkono tu, akauliza, "Jumatano, sivyo?"

"Jumatano, baba."

"Asiikose."

Muhula uliofuata wasichana walijaa, wakawa wanakaa wawili wawili kwenye kiti kimoja. Wavulana walianza kulalamika kwamba nao wanataka siku yao. Msichana wa vitendawili alimaliza kidato cha nne, na sasa anasomea kompyuta Mombasa.

Likizo iliyopita alikuja kutusalimia, nikamwomba akae na wanafunzi wapya. Nilisimama mlangoni. Msichana mdogo kutoka Mkwiro alikuwa amekwama, macho yamemjaa machozi, akimsukumia kibodi. "Nifanyie wewe, dada. Mimi siwezi."

"Soma mstari wa kwanza," alimwambia kwa upole. "Soma kwa sauti, nakusikiliza."

Yule mdogo akaanza kusoma, akikwama na kuendelea. Nami nilimwona yule mkubwa ameificha mikono nyuma ya mgongo, ameishikanisha kwa nguvu, isije ikamponyoka ikamfanyia mdogo kazi yake.