Mkono wa Lyle Hruska

Mimi ndiye niliyekuwa mdakaji wake, wa kuidaka mipira aliyoirusha, na kiganja changu cha kushoto kinauma mpaka leo. Alipojiunga na timu yetu ya besiboli ya daraja la chini huko Iowa, Lyle Hruska alikuwa na miaka kumi na tisa, masikio kama vishikio vya sufuria, na mkono wa kulia uliorusha mpira maili tisini na saba kwa saa. Wapigaji walirudi benchi wakiulizana.

"Umeuona?"

"Wapi! Nimeusikia tu."

Sote tulijua ligi kuu ingemchukua kabla mwaka haujaisha.

Julai kiwiko kikalia ko! Hata waliopanga foleni ya soseji walisikia. Daktari akakata kano mguuni akaishonea kwenye kiwiko. Kocha wetu, Boyd Tillery, mzee asiyejua kumfariji mtu, akaenda kumwona.

"Kwa hiyo sasa utarusha kwa mguu," alisema. "Angalia usimpige mtu teke."

Baada ya mwaka na nusu Lyle akarudi, kasi ile ile. Wakuu wa klabu ya ligi kuu wakaja kumtazama. Asubuhi hiyo, ndani ya basi, aliinama kufunga kamba za viatu, akapiga chafya. Mgongo ukakaza papo hapo. Tukamshusha vile vile alivyopinda, mbele ya wageni.

"Ndiye huyu?" mmoja akauliza.

"Ndiye," akajibu kocha. "Ana heshima sana."

Msimu uliofuata mama yake, Bi Arlene, alimkataza kukata hata kitunguu. Akawa anampeleka kanisani, mahali pa usalama. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiandaa chakula, Lyle akamfungulia bibi mmoja kiti cha kukunja. Kiti kikajifunga na vidole vyake viwili ndani. Vya kulia, bila shaka.

Agosti klabu ikamwacha. Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, glavu mapajani, machozi yanamtiririka. Nikakaa naye. Mara akaanza kucheka.

"Ningeumia nikirusha, ningekuwa shujaa. Sasa watu wakiniuliza niseme nini? Kiti?"

"Sema dubu."

"Dubu kanisani, wewe?"

Siku hizi ni mwamuzi wa mechi za shule. Anasimama nyuma ya mdakaji, mipira inamgonga kifuani, magotini, usoni kwenye kinga. Miaka kumi na miwili sasa, hajavunjika hata ukucha, na sijapata kumwona mtu anayeipenda kazi yake kama yeye.

Mimi nafundisha timu moja ya shule hapa. Wiki iliyopita, akiichezesha mechi yetu, nilimkimbilia uwanjani.

"Lyle! Mpira ule ulikuwa nje!"

"Ulikuwa ndani, kaka. Rudi ukakae."

"Kwani huoni?"

"Macho ndiyo kitu pekee ambacho sijawahi kufanyiwa operesheni. Haya, toka nje!"

Akanifukuza kweli, mbele ya wanafunzi wangu. Jioni akaja kwangu, akala mbavu za kuchoma sahani mbili, na samahani hakuomba.