Milimita za Eustache

Eustache Hakizimana alikuwa fundi magari mbishi kuliko wote pale Kabeza, Kigali, na nilifanya kazi naye ua mmoja miaka minne, kwa hiyo najua ninachosema. Mimi nilipaka rangi magari upande wa kushoto, yeye alifungua injini upande wa kulia, na katikati yetu kulikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari. Alijifunza ufundi kwa mabruda wa Kibelgiji, nao walimwachia kitu kimoja kichwani: milimita. Ukimtajia inchi alikunja uso, utadhani umemtukania mama.

Fundi mzuri alikuwa, hilo sibishi. Alizijua nati kwa vidole. Akiwa shimoni hapaoni vizuri, anapitisha ukucha kwenye nyuzi za kiungio, ile mistari ya kuzungushia nati, anakutajia kipimo chake, na ukipima unakuta ni hicho hicho. Tena alikuwa na masharti mawili yaliyowaudhi wateja. La kwanza, nati yoyote iingie kwa mkono mizunguko mitatu kabla hajashika spana. La pili, gari lililokuja likivuja haliondoki siku lilipotengenezwa. Anatandika boksi la karatasi chini yake, gari linalala, asubuhi anainama kuangalia. Boksi likiwa kavu, nenda na gari lako. Likiwa na tone, rudi kesho.

Mwishoni mwa Machi 1994 alikuja Béatha, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Niboye. Mumewe alikuwa ameuawa Februari, zile siku vijana walipofunga barabara na kuuliza watu vitambulisho, maana viliandikwa kabila la mtu. Alibaki na watoto wawili, mama mzazi aliyevunjika mguu, na gari la marehemu, Pijo 504 otomatiki. Magari yasiyo na klachi yalikuwa machache Kigali, na mafundi wengi waliyakimbia. Ndani yake oili nyekundu hutoka kwenye giaboksi kwa bomba jembamba, hupita kwenye rejeta ikapoe, kisha hurudi kwa bomba jingine. Viungio vya mabomba hayo vilikuwa vimeliwa na kutu. Kila lilipoegeshwa, gari liliacha kidimbwi chekundu.

"Fundi Eustache, kaka yangu iko Ngara, Tanzania, anatungoja," Béatha alisema. "Mama hawezi kukaa mu bisi na ule mguu. Nataka kesho asubuhi tupite mpaka ya Rusumo."

"Mwarimu, hii iko kazi ya siku mbili."

"Siku mbili sina. Jana wamekuja kuandika alama ku mlango yetu."

Eustache akaingia shimoni. Viungio vipya havikuwepo mjini tangu vita vifunge barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, basi akavitoa kwenye Pijo lililokufa nyuma ya ua. Vya upande wa giaboksi viliingia vizuri. Cha upande wa rejeta kiliingia kwa mkono mizunguko miwili, kikagoma. Nilimwona akikitoa, akakipangusa, akakirudisha. Miwili tena. Akanitazama mimi, sijui kwa nini, halafu akashika spana.

"Imekaza," alisema. "Gari iko ya Wafaransa. Kila kitu iko milimita."

Boksi hakutandika. Béatha alikuwa amesimama pale pale na mkoba wake.

Waliondoka Alhamisi Kuu alfajiri, bibi kalazwa kiti cha nyuma, watoto wamebanana mbele. Wakafika karibu na Rwamagana. Kwenye mlima injini ikaanza kunguruma na gari haliendi. Oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Lori la mkaa likawavuta hadi uani kwetu, na Béatha aliposhuka hakumgombeza mtu. Afadhali angetugombeza. Alisema tu, "Fundi, ihangane, angalia tena," kana kwamba Eustache ndiye wa kupewa pole.

Pasaka ikapita, Jumatatu yake pia, maduka yamefungwa. Jumanne Eustache aliling'oa rejeta, akaliweka mezani na kulikwangua rangi nyeusi kwa msasa kuzunguka tundu la bomba. Herufi zikaanza kutokea. Zilikuwa za Kiingereza, zikisema limetengenezwa Uingereza. Rejeta halikuwa la gari lile kabisa. Kumbe nyuzi zake zilikuwa za inchi, tena tundu lenyewe linabana kadiri unavyoingia ndani. Ndiyo maana kiungio cha milimita kiliuma mizunguko miwili kikadanganya kwamba kimekaza.

Rangi ile nyeusi niliipaka mimi. Mwaka 1991 marehemu alinunua rejeta hilo kwa mtu wa Kampala, akataka ling'ae kama jipya. Herufi niliziona. Nikazipitishia brashi.

"Baba Zuhura," Eustache aliniuliza, "wewe uliona hii maandiko?"

"Niliona."

"Na haukusema."

"Hukuuliza," nikamjibu. Nimejibu watu vibaya maishani mwangu, lakini jibu hilo ndilo ninaloliona aibu hadi leo.

Hakubishana nami. Alichukua rejeta begani akaenda kwa mkereza vyuma wa Nyabugogo, akakaa naye hadi wakapata kiungio cha shaba kutoka kwenye lori bovu la Kiingereza. Jumatano mchana alikiingiza kwa mkono. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Sikuwahi kumwona akifurahi hivyo. Alikaza, akajaza oili, akawasha, tukaacha injini ingurume nusu saa nzima. Mimi na yeye tulilala kifudifudi chini ya gari kama watoto, tunatazama. Hakuna kitu.

Saa kumi jioni Béatha alikuja na mizigo. Wanawe walikuwa wamevaa nguo za safari. "Imepona?" akauliza.

"Imepona, Mwarimu."

"Basi nipe funguo. Tunaweza kulala Kibungo kwa masista."

Eustache akaangalia chini. Akafungua mikono yake yenye oili, akaifunga. "Hapana. Mara ya kwanza niliharakisha, nikakuangusha njiani na mama mugonjwa. Leo natandika boksi. Kesho saa kumi na mbili, nikiona kavu, munaenda."

Béatha alinitazama mimi, anataka niseme kitu. Nami, mtu niliyekwishamkosea kwa kunyamaza, safari hii nikafungua mdomo. "Haraka haraka haina baraka, Mwarimu," nikamwambia. Akacheka kidogo, akaacha mizigo kwenye buti, akawashika watoto mikono wakarudi Niboye kwa miguu.

Jioni hiyo ndege ya rais ilitunguliwa, ikaanguka Kanombe, karibu na ua wetu kiasi kwamba mabati yake yalitetemeka, nilivyosimuliwa. Mimi nilikuwa nimekwisharudi kwangu Biryogo. Kulipokucha barabara zote zilikuwa na vizuizi, na kuua kulikuwa kumeanza. Béatha, mama yake na watoto hawakuvuka hata daraja la Niboye. Waliuawa siku ya pili, nyumbani, nyuma ya mlango wao wenye alama.

Nilirudi Kabeza Julai. Pijo lilikuwa pale pale, limeng'olewa magurudumu na viti, limelala kwa tumbo. Eustache alikuwa hai. Kitambulisho chake kilimruhusu kuishi, naye hakukipenda kwa hilo. Alikuwa amekonda mpaka shati linamning'inia. Spana hakushika tena. Alikuwa anauza mkaa kwa makopo mbele ya ua ule ule, na mteja akimwuliza bei alichelewa kujibu.

Nilikaa naye kwenye gunia. Sikujua pa kuanzia, nikasema neno la kijinga, la kumfariji. Nikasema hakufanya kosa, fundi yeyote angetandika boksi, lazima asubuhi mtu aone kama ni kavu.

"Baba Zuhura," alisema, "ilikuwa kavu saa kumi. Wewe na mimi tulilala chini, tuliona."