Mzunguko wa Gari Jeupe

Mtaani walimwita Bibi Ubao, na jina hilo hakulichukia. Alilipata enzi zile magari ya mashindano yalipokuwa yakizunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenye njia ya lami yenye kona saba, na mume wake akiwa mmoja wa madereva. Redio za kuongea na dereva hazikuwapo. Kila dereva alikuwa na mtu wake kando ya njia, wa kumwinulia ubao ulioandikwa kwa chaki mizunguko iliyobaki. Mtu wa mume wake alikuwa yeye. Shule hakuikalia, ila namba alizijua, na ili asikosee alikuwa na makopo mawili na vizibo vya soda. Mume akipita, kizibo kimoja kinatoka kopo hili kinaingia lile. Kopo likiwa tupu, mashindano yamekwisha. Wenye kalamu zao walimcheka, kisha wakakosea wao. Yeye hajakosea hata siku moja. Ndivyo alivyokuwa akisema.

Siku mume wake alipokufa, kopo lilikuwa tupu. Hilo ndilo alilolishikilia miaka thelathini na minane. Vizibo ishirini na vitano vilikwisha, akainua ubao wenye sifuri, mume akauona, akaachia mafuta, akapunguza mwendo na kutoa mkono dirishani kumpungia. Gari la nyuma likachomoka konani na kasi yake yote, likamvaa. Na kwa nini halikupunguza? Kwa sababu bendera ya kumaliza haikushushwa. Na mwenye bendera alikuwa nani? Shemeji yake, mdogo wa marehemu, tumbo moja!

"Alikuwa anapiga soga," Bibi Ubao alimwambia aliyetaka kusikia na asiyetaka. "Kamuua kaka yake kwa domo."

Shemeji hakujibu. Alikuja msibani, akafukuzwa. Alituma nguo za mtoto mchanga aliyeachwa na marehemu, zikarudi na aliyezileta. Wakikutana sokoni, bibi alitema mate pembeni, na yule mtu wa watu akavuka barabara.

Basi mwaka huu akaja binti mmoja wa makumbusho, miwani mikubwa, begi limejaa karatasi, anafuatilia historia ya njia za zamani za mashindano. Nyingine alizikuta zimekuwa maghala, nyingine zimelimwa. Ya hapa itawekewa kibao cha chuma chenye habari zake. Bibi Ubao aliposikia chuma, alivaa viatu vyake vya kutokea. Alijua anachokitaka: kosa la shemeji liandikwe pale, lisomwe hadi na vilembwe.

Wakaizunguka njia kwa miguu. Lami imepasuka, majani yametokeza kwenye nyufa, na kona ya tatu mtu ameanika mashuka.

"Mama, pole pole, kuna shimo."

"Mimi si mama yako, ni bibi yako. Na pole pole waambie wagonjwa."

Walipofika kwenye mstari wa kumalizia, bibi akasimama. "Mimi nilikuwa hapa. Bendera pale. Andika."

Binti akatoa karatasi ya waamuzi aliyoikuta kwenye sanduku la chama cha madereva kilichokufa zamani. "Bibi, hapa gari lake lina vijiti ishirini na vinne, kila mzunguko kijiti. Mzunguko wa mwisho ulikuwa bado."

"Ishirini na vitano. Nilihesabu kwa mkono huu."

"Labda ulihesabu na ule wa kupasha tairi moto. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza waliuweka. Walizunguka mara moja nyuma ya gari jeupe, ndipo wakaanzishwa. Imeandikwa hapa, hauhesabiwi. Walitangaza kwa kipaza sauti."

Bibi akafungua mdomo abishe, maana kubisha ndiyo kazi yake. Badala yake akaliona lile gari jeupe. Linapita taratibu, na mume wake nyuma yake. Kipaza sauti kinakoroma, naye ameinama anambadilisha nepi mtoto wa miezi minne. Akainua kichwa, akaona gari la mume linapita, akatoa kizibo.

Akakaa chini palepale kwenye lami. Binti akamuuliza kama anataka maji. Hakutaka maji.

Asubuhi yake alikwenda kwa shemeji, mitaa mitatu tu, nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga. Binti mkubwa wa shemeji alifungua mlango akasimama katikati yake.

"Umepotea njia, mama mkubwa?"

"Nimepotea zamani. Nipishe."

Shemeji alikuwa ameegemezwa kwenye mito, miguu imevimba. Bibi hakuamkia.

"Nilihesabu ule wa gari jeupe."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipoona sifuri nilikupungia mikono yote miwili uushushe ubao. Ukadhani nakusalimia. Ukanipungia na wewe."

"Na miaka yote hii nakutukana, kimya?"

"Ulikuwa unanyonyesha, shemeji. Ningekuambia, maziwa yangekatika. Mtoto akakua, nikaona nimeshazoea."

"Basi nitukane."

"Sina pumzi."

"Hata tusi moja!"

"Mkaidi wewe," akasema, na akalisema kwa upole, kwa hiyo halikufaa kitu. "Mwambie huyo binti wa makumbusho aache kama watu wanavyojua. Mimi naondoka. Wewe una wajukuu."

Bibi Ubao hakumsikiliza, lini alimsikiliza? Alimkuta binti wa makumbusho akamsimamia mpaka akaandika kwamba mke ndiye aliyekosea hesabu na mwenye bendera hakuwa na hatia.

"Nisomee." Akasomewa. "Umeweka 'inasemekana'. Inasemekana na nani? Futa."

Kibao kilikuwa bado kwa fundi, rangi haijakauka, shemeji alipofariki. Bibi alikwenda mazikoni mapema, akaelekea waliko wanawake wa familia. Binti mkubwa wa marehemu akamwona. Huyu ndiye aliyekuwa akirudi kutoka shuleni analia, kaitwa mtoto wa muuaji, na neno hilo lilitoka kwa nani kila mtu alijua.

"Watu wa nje kule nyuma, mama," akasema. Wala hakupandisha sauti.

Bibi Ubao, ambaye hajawahi kuonyeshwa na mtu pa kukaa, akageuka. Akatafuta kiti karibu na lango, katikati ya watu asiowajua, akakaa.