Betri Zilizokuwa Juani

Katika kijiji cha ujamaa nilichofundisha, karibu na Usoke, redio yangu ilikaa ndani ya sanduku la sabuni. Niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya redio mbovu, nami niliionea fahari kupita kiasi. Kila adhuhuri nilisikiliza taarifa ya hali ya hewa. Mvua ikitajwa, niligonga kipande cha reli kilichokuwa kengele ya shule, na watu wakaanua vilivyoanikwa.

Jirani yangu, mjane aliyehamia pale na wajukuu watatu, alikuwa amevuna viazi vitamu. Alivikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali nyuma ya shule. Michembe hiyo ndiyo ingewavusha miezi ya njaa.

“Mwalimu,” aliniambia, “mimi nashinda kwenye shamba la kijiji. Nakuachia jabali.”

Juma hilo nilisikiliza muziki wa dansi mpaka betri zikafa. Ilipofika adhuhuri ya siku ya tatu, nilikuwa nimezianika juu ya bati ili jua lizifufue, kama tulivyofanya sote. Redio ilikuwa bubu. Nilitazama mbingu, nikaiona safi, nikajiambia kwamba msimu umekwisha. Alasiri mvua ilinyesha saa nzima.

Nilimkuta akizoa michembe iliyolowa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Leo redio haikuitaja?”

Alikuwa amenipa uongo uliokwisha kupikwa. Kazi yangu ilikuwa kuumeza tu.

“Sijui kama iliitaja,” nikasema. “Betri zilikuwa juani. Nilizimaliza kwa muziki.”

Alicheka bila furaha. “Kumbe tulianika sote. Afadhali zako hufufuka.”

Michembe iliyolowa haihifadhiki, huota ukungu. Aliipika yote jioni ile, akawaita majirani, nami akanijazia sahani kuliko wengine. Nimesoma mengi juu ya toba, lakini hakuna ukurasa ulionilemea kama sahani ile. Sikuthubutu kuibakiza.

Asubuhi nilimpelekea gunia langu la mahindi, ambalo ndilo lilikuwa akiba yangu. Hakulikataa, wala hakushukuru, na alikuwa na haki. Alilisukuma ndani kwa goti, akaniuliza:

“Na muziki?”

“Nimeuacha, mama.”

“Usiuache wote,” akasema. “Taarifa ikiisha, tufungulie wimbo mmoja.”