Mianzi ya Baba Yafika Kanisani

Baba yangu alikuwa fundi wa redio pale Ruring'u, na televisheni yetu nyumbani ilionyesha chengachenga tu. Tuliishi bondeni. Watu walimletea redio zilizokufa akazifufua, kisha wakamuuliza kwa upole habari za jana zilisemaje, wakijua fika kwamba hakuona hata pua ya msomaji. Jambo hilo lilimkera sana. Akaamua kuwa shida ni urefu wa mlingoti wa antena, na kwamba mlingoti wa maana ni mwanzi.

Mtu mwingine angenunua mwanzi uliokwisha kukatwa. Baba alipanda. Alirudi kutoka upande wa msitu wa Nyandarua na kisiki cha mwanzi ndani ya gunia bichi, akapita nacho boma kwa boma akikionyesha kama mtoto mchanga, halafu akakizika karibu na mto, juu kidogo ya nduma za mama. Miaka ikapita. Mianzi ikarefuka, antena ikapanda juu, na televisheni ikatuonyesha chengachenga safi zaidi.

Tungeishia hapo, lakini mianzi ilikuwa imeonja udongo wetu na kuupenda. Ikaanza kutembea chini kwa chini. Chipukizi moja lilitokea zizini, ng'ombe akalilalia, akaamka akiwa na hasira za siku nzima. Lingine liliinua pipa la maji upande mmoja mpaka likamwagika lote. Asubuhi moja mama alikuwa jikoni akimenya viazi, akaona kigoda chake kinakataa kutulia. Alipokiinua, ncha ya mwanzi ilikuwa inamwangalia kutoka sakafuni.

Mama alijaribu majivu, chumvi, maji ya moto na matusi ya Kikristo. Baba alichimba mtaro kuzunguka mianzi, nayo ikapita chini ya mtaro bila wasiwasi. Ubaya wake ni kwamba kila alipokata mmoja alisimama kuusifu. "Lakini ona hii ilivyo straight," alikuwa akisema, na mama akaondoka kabla hajatamka jambo la kujutia. Mimi nilikuwa upande wa mama, na sikuficha.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya nyumbani kama baba asingetamani kuwa mzee wa kanisa. Alitamani kwa moyo wake wote. Alikuwa ameanza hata kukohoa kama wazee wa kanisa. Lakini kwetu wazee walichaguliwa kwa kuinua mikono, na mikono mingi ilikuwa ya wanawake wa kikundi cha mama, ambao walikuwa wameanza kuulizana: mtu ameshindwa na mmea, ataweza kwaya? Maneno hayo yakamfikia mama, naye hakulala vizuri.

Akaitisha ngwatio, ule utaratibu wetu wa leo tunalima kwako na kesho kwangu. Wanawake wakaja na majembe, wakaimba, wakang'oa mianzi yote pamoja na mlingoti wa antena, ambao haukuwa na kosa lolote. Wakala mukimo wakashiba. Na kwa kuwa kwetu mtu aliyekufanyia kazi haondoki mikono mitupu, baba akasimama na kutoa hotuba ndefu: wachukue visiki vyote wakafanye kuni. Alikohoa vizuri sana siku hiyo. Wakafunga mizigo kwa kamba, wakaibeba mgongoni, wakapanda kilima wakimbariki.

Kisiki kibichi cha mwanzi hakiwaki. Kila mwanamke alivirundika vyake nyuma ya jiko vikauke, palepale anapomwaga maji ya vyombo. Halafu mvua ndefu ikaanza.

Jumapili ya uchaguzi ilifika kilima kizima kikiwa kimechipuka. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya mikono kuinuliwa. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, mama mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akasimama polepole.

"Mimi niko na swali moja tu," alisema. "Hii kitu imemea ndani ya choo yangu. Ni nani alileta huku kwetu?"

Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa hajaonyeshwa lile gunia. Baba akaangalia viatu vyake. Pamoja na hasira zangu zote, nilimhurumia. Alionekana mdogo. Kisha nikasikia benchi la wanawake likilia kwa mtu anayeinuka, na mtu huyo alikuwa mama.

"Ni mimi nilileta," alisema. "Mzee alinikataza, nikakataa kusikia."

Uongo mkubwa namna hiyo, ndani ya kanisa, mbele ya mchungaji. Mabega ya wanawake yakaanza kutikisika, leso zikiwa mdomoni. Mwenyekiti alijaribu kukaza uso akashindwa.

"Mtu anaweza kubebea bwana yake mzigo kama hii," alisema alipopata pumzi, "hata sisi atatubebea. Mimi napendekeza huyu mama akuwe mzee wa kanisa."

Mchungaji akauliza nani anakubali. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba.